Damu Katika Mswaki: Ugonjwa wa Fizi Tunaouita Kiseyeye na Kuuacha Ukae



Ndugu msomaji, wiki hii tunaanza na jambo dogo tulilolishuhudia alfajiri moja ya mwezi wa saba katika msikiti mmoja mjini Mafinga, mkoani Iringa. Anayeujua mji huo katika majira hayo hana haja ya kuelezwa baridi yake. Maji ya bomba hutoka yakiwa na ukali wa kukata vidole. Tulikuwa safarini kuelekea Mbeya, tukajipanga pamoja na wenyeji mahali pa kutawadhia. Pembeni yetu alikuwepo mzee wa umri wa miaka 60 hivi. Aliosha viganja vyake vizuri, kisha akapitiliza kinywa na kwenda moja kwa moja kwenye uso. Hakusukutua. Tulidhani amesahau kwa ajili ya usingizi.

Baada ya swala, tulipokuwa tukinywa chai ya rangi kwenye kibanda kilichoko ng'ambo ya barabara, tulimwuliza kwa adabu. Alicheka kidogo huku amefunika mdomo kwa kiganja, namna anavyofanya mtu asiyependa meno yake yaonekane.

"Wanangu, maji haya yakigusa meno yangu ya mbele nasikia uchungu mpaka utosini. Kusukutua ni sunna, naamini Mwenyezi Mungu atanisamehe. Adhuhuri nikiwa nyumbani mama yenu hunipashia maji, basi nasukutua kama watu wengine."

Tulimwomba atuonyeshe, naye hakukataa. Meno yake ya chini ya mbele yalionekana marefu kuliko kawaida, si kwa sababu yameota zaidi, bali kwa sababu fizi zilikuwa zimeshuka na kuacha sehemu ya mizizi wazi. Kwa nyuma, upande wa ulimi, meno manne yalikuwa yameunganishwa na gamba gumu la rangi ya kahawia, mfano wa tope lililokaukia kwenye mawe. "Ni kiseyeye tu," alisema. "Nimekuwa nacho tangu ujana wangu. Baba alikuwa nacho, na babu vilevile. Siku hizi nimeacha kupiga mswaki upande huu kwa sababu ukigusa tu, damu."

Maneno hayo mawili, kiseyeye na kuacha, ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Tuliyasikia tena Makambako, tukayasikia Uyole, na tulipofika Mbeya mjini tukayasikia kwa mama mmoja wa Mwanjelwa aliyekuwa akimkataza binti yake kupiga mswaki kwa kuwa "fizi zake ni laini". Inaonekana katika nyumba nyingi za nyanda hizi za juu kusini, na tunadhani si huko peke yake, damu ya fizi imechukuliwa kuwa sehemu ya maumbile ya mtu, kama kimo chake au rangi ya macho yake.

Kwanza tulirudishe jina mahali pake. Kiseyeye kwa maana halisi ni ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C kwa miezi kadhaa mfululizo. Uliwaua mabaharia wengi wa zamani waliokaa baharini muda mrefu wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi. Mwenye kiseyeye hasa hutokwa damu kwenye fizi, lakini pia huishiwa nguvu, huvilia damu chini ya ngozi, na vidonda vyake vya zamani hufumuka. Sasa mtazame mkazi wa Rungwe au Kilolo. Ana mapera uani, ana machungwa na kabichi sokoni, na viazi mviringo vya Uporoto, ambavyo navyo vina vitamini hiyo, havikosekani jikoni mwake. Yawezekana akakosa mengi, lakini kiseyeye cha mabaharia hakimpati kwa urahisi. Kinachomtoa damu, mara nyingi sana, ni kitu kingine kabisa, nacho kinaitwa ukoga.

Ukoga ni ule utando laini, mweupe au wa manjano hafifu, unaojishika kwenye meno. Ukipitisha ukucha kwenye shina la jino kabla hujapiga mswaki asubuhi, utauona kwenye ncha ya ukucha. Si mabaki ya chakula tu kama wengi wanavyodhani. Ni mji mzima wa vijidudu vilivyoshikamana, na huanza kujengwa upya saa chache tu baada ya meno kusafishwa. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ndani ya siku kadhaa ukawa ugaga, lile gamba tuliloliona kwa mzee wetu. Ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa mkaa, wala kwa chumvi. Juu ya ugaga hukaa ukoga mpya, kwa sababu una mikwaruzo na vijidudu hupenda mahali pa kujishikiza. Mwili nao haukai kimya. Hupeleka damu nyingi kwenye fizi ili kupigana na wavamizi hao. Ndipo ufizi unapovimba, unapobadilika kutoka rangi yake ya kawaida na kuwa mwekundu wa kung'aa, na unapotoa damu kwa kuguswa kidogo.

Mwaka 1965 daktari Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio jepesi ambalo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi, waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi baina ya siku 10 na 21. Kisha wakaambiwa warudie kusafisha, na katika muda wa wiki moja hivi fizi zao zikarudi katika hali yake. Tafadhali msomaji, lipime jambo hilo pamoja na yule mama wa Mwanjelwa. Binti yake anatoka damu, naye anamkataza mswaki. Anamwondolea dawa na kumwongezea ugonjwa, na anafanya hivyo kwa huruma ya mzazi.

Hatua hii ya kwanza, ambapo ufizi umevimba na kutoa damu lakini mfupa ulio chini yake haujaguswa, hupona kabisa. Hatua ya pili ndiyo yenye hasara. Ufizi uliovimba kwa muda mrefu huachana na jino na kuacha mfuko. Kwa mtu mzima mwenye afya nafasi iliyo kati ya ufizi na jino haizidi milimita 3 hivi. Ikifika 4, 5 au zaidi, mswaki haufiki chini, vijidudu hukaa kwa raha, na mfupa wa taya unaolishika jino huanza kuliwa kidogo kidogo. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Jino hulegea, husogea, huacha mwanya ambao haukuwepo, na mwisho hutoka, pengine likiwa zima bila hata tundu moja. Mara nyingi hayo yote hutokea bila maumivu. Jino lililotoboka humpeleka mtu hospitali usiku wa manane, lakini ufizi unaoharibika hukaa naye miaka 20 bila kumsumbua, na ndiyo maana hupuuzwa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Je, kila anayetoka damu atapoteza meno? Hapa tuna habari inayowahusu sana watu wa Mufindi na Tukuyu, ingawa ilitoka mbali. Daktari Löe huyohuyo aliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Walikuwa watu wenye afya na nguvu ya kazi, lakini hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki na hawakuwa na daktari wa meno. Karibu wote walikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Lakini matokeo yao hayakufanana. Asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi kubwa na kupoteza meno wakingali vijana. Asilimia 81 waliharibikiwa polepole. Asilimia 11 hawakupiga hatua yoyote zaidi ya uvimbe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, na mwaka huohuo watafiti wengine wa Denmark walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania ulioonyesha jambo linalokaribiana nalo: ukoga na ugaga kwa wingi sana, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa umejikusanya kwa watu wachache. Nyumbani, Profesa Bakari Lembariti alikuwa ametangulia kuandika juu ya magonjwa ya fizi kwa watu wa mijini na vijijini nchini, mwaka 1983.

Sisi tunayasoma matokeo haya kwa namna mbili. Yanamfariji mwenye hofu, kwa kuwa damu katika mswaki si hukumu ya kuwa kibogoyo. Lakini yanamwonya mwenye kujiliwaza kwa babu yake, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa kutazama kioo kama yeye ni katika wale 81 au wale 8. Ikiwa babu alikufa na meno yake yote pamoja na kiseyeye chake, huenda alikuwa mmoja wa wale 11. Mjukuu hana hati ya kuurithi ufizi huo. Kijana ambaye hajafika miaka 30 na tayari meno yake yanacheza, au yanaachana kwa mbele, asingoje hata mwezi mmoja.

Yapo mambo yanayouongezea ugonjwa huu nguvu. Kisukari ni kimojawapo. Sukari ikipanda katika damu, fizi huharibika haraka, na fizi zikiharibika, sukari nayo huwa vigumu kuidhibiti. Mwenye kisukari anayekwenda kliniki kila mwezi bila kutazamwa kinywa anatibiwa nusu. Tumbaku ni jambo la pili, iwe sigara au ugoro, nayo ina hila ya peke yake. Moshi wa sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji hazitoi damu sana na huonekana tulivu huku mfupa unaliwa chini kwa chini. Tulikutana na dereva mmoja wa lori pale Makambako aliyejisifu kuwa fizi zake hazijawahi kutoa damu. Meno yake mawili ya juu yalikuwa yakitikisika alipokuwa akizungumza.

Mimba nayo. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa ukoga mdogo tu, na mara nyingine huota kinyama chekundu kati ya meno mawili ambacho hupungua baada ya kujifungua. Kina mama wengi huambiwa kwamba mtoto aliye tumboni ndiye anayechukua meno ya mama yake. Hilo si kweli. Mtoto hachukui madini kwenye meno ya mama, na kusafishwa meno wakati wa mimba hakukatazwi, ila mwambie daktari kuwa una mimba na ni ya miezi mingapi.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kuliruka tukiwa tunaandika juu ya mikoa hii, hata kama ni zito kulisoma mbele ya watoto. Upo ugonjwa wa fizi unaokuja kwa ghafla: maumivu makali, ncha za fizi zilizo kati ya meno hufa na kukatika kana kwamba zimekatwa kwa wembe, harufu kali, na pengine homa. Humpata mtu aliyedhoofika kinga, mwenye utapiamlo, mvutaji sana, au mwenye dhiki kubwa. Anaweza kuupata mtu asiye na VVU, na si haki kumnyooshea kidole mtu yeyote kwa sababu ya fizi zake. Lakini ukweli wa pili ni kwamba wakati mwingine kinywa ndicho kinachotoa taarifa ya kwanza kuhusu VVU. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Basi daktari wa meno akimshauri mgonjwa wake apime, asimwone kuwa amemvunjia heshima. Dawa za kufubaza virusi zipo, na anayeanza mapema huishi na kulea wanawe.

Kwa watoto wadogo hatari ni nyingine. Wote tunajua kwamba nyanda hizi ndizo ghala la mahindi na viazi vya nchi, na bado takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa na asilimia 50.4 Njombe, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 30. Tumbo limejaa ugali, lakini mwili una njaa ya maziwa, mayai, maharage na matunda. Mtoto wa namna hiyo, hasa akiwa ametoka kuugua surua au malaria, anaweza kuanza na kidonda kidogo cha ufizi, kisha shavu likavimba, na katika siku chache nyama ya uso ikaanza kufa. Ugonjwa huo unaitwa noma. Si wa kawaida, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Ukikamatwa siku za mwanzo, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula bora huuzuia. Mtoto aliyedhoofika mwenye kidonda cha ufizi na harufu mbaya apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tukiwa bado kwa watoto, turuhusiwe kukemea desturi moja. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wako wanaofunua kinywa chake, wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali yatakapoota machonge, na kusema ana "meno ya plastiki". Hupelekwa kwa mtu anayeukata ufizi na kuuchokoa uvimbe huo kwa chombo kisichochemshwa. Uvimbe ule ni jino changa halali, lililowekwa mahali pake na Muumba, likingoja wakati wake. Mtoto hubaki na kidonda, huenda akapata pepopunda au kupoteza damu nyingi, na jino la kudumu lililo chini huharibika. Na kuharisha kwake kunaendelea, kwa sababu dawa ya kuharisha ni maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, pamoja na kupelekwa zahanati.

Turudi kwenye mswaki. Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kuuona kuwa ni jambo la kizungu. Lugha yetu wenyewe imekiita chombo cha plastiki cha dukani kwa jina la kijiti cha mti, na jina hilo lilitoka katika Kiarabu. Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanajulikana: lau si kuhofia kuutia uzito umma wake, angeuamrisha kupiga mswaki katika kila swala. Na katika ugonjwa wake wa mwisho, akiwa ameegemea kifuani kwa Bibi Aisha, alimwona Abdulrahman bin Abu Bakr ameshika kijiti, akakitazama. Bibi Aisha akafahamu, akakilainisha kwa meno yake, naye Mtume akapiga mswaki.

Mti wenyewe hauko mbali na wasomaji wetu wa Iringa. Huota katika nyanda za joto za bonde la Ruaha Mkuu, na mizizi yake huuzwa nje ya misikiti mingi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilishauri utumike pale ulipo desturi. Ila utumike ipasavyo. Ncha itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, nyuzi zilizochakaa zikatwe na kutafunwa mpya, na kijiti kisiwe kikavu kama msumari. Wengi husugua meno ya mbele tu, kulia na kushoto kwa nguvu, nusu saa nzima wakizungumza barazani. Msuguo wa namna hiyo hurudisha fizi nyuma, huku magego na upande wa ulimi, alikokuwa na gamba mzee wetu, havikuguswa. Kwa maoni yetu anayependa kijiti na akiendeleze, lakini awe na mswaki wa nyuzi laini na dawa ya meno yenye floraidi kwa ajili ya usiku na asubuhi.

Swali tuliloulizwa mara nyingi kuliko yote katika safari hii lilikuwa juu ya damu na ibada. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, damu ya fizi haitengui udhu, ila kinywa huoshwa. Kwa aliyefunga, damu hutemwa na haimezwi kwa makusudi. Kinachosumbua zaidi ni mswaki wa mchana wa Ramadhani. Ni mashuhuri katika madhehebu hayo kwamba baada ya jua kupinduka ni karaha kwa aliyefunga kupiga mswaki. Wapo wanazuoni walioona hakuna karaha, na Imamu Nawawi mwenyewe, katika kitabu chake cha al-Majmu', alielekea upande huo. Msomaji amwulize shekhe wake. Lakini hata anayeshika kauli ya karaha hakukatazwa usiku mzima! Tumewaona watu wanaoacha mswaki tangu mwandamo hadi Idi, wakila futari, daku na tende katikati, na kusingizia saumu. Siku 30 ni zaidi ya zile 21 za Aarhus. Piga mswaki baada ya futari na baada ya daku, nawe utafunga na fizi nzima.

Namna ya kusafisha haina siri. Uelekeze mswaki kwenye mpaka wa jino na ufizi, umeinama kidogo, uchezeshe taratibu kwa mizunguko midogo, usisugue kama unayesafisha sufuria. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane. Kati ya meno mswaki haufiki, basi tumia uzi maalumu au mswaki mdogo wa katikati ya meno. Kijiti cha kuchokolea kitoe uzi wa nyama tu, kisichimbe ufizi. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita humtosha dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, na aliye mdogo zaidi ipakwe kidogo mno, kwa mkono wa mzazi. Mkaa, majivu na mchanga hukwangua jino lenyewe. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini hayang'oi ugaga. Wala vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa dukani bila cheti haviung'oi. Uvimbe hupungua wiki moja, kisha hurudi, na siku vitakapohitajika kweli havitafanya kazi. Damu ikianza kuonekana, endelea kusafisha hapohapo kwa upole. Ikiwa baada ya wiki mbili haijakoma, basi kuna ugaga au jambo jingine, na sasa ni zamu ya hospitali.

Na hospitali zipo. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya meno, na ni mji ambao kwa miaka mingi umefundisha matabibu wa meno wanaotumwa wilayani. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Wilayani Rungwe, katika miaka ya 1990, huduma za dharura za meno zilishushwa mpaka kwenye vituo vya afya vijijini, na watafiti wakazipima. Tatizo ni kwamba katika mawazo yetu chumba cha meno ni mahali pa kung'olea. Hatujakizoea kuwa mahali pa kwenda na meno yote na kurudi nayo yote.

Mzee wetu wa Mafinga tulimwachia namba ya simu. Tulipopita tena baada ya miezi miwili tulimkuta kibandani kwake, na malalamiko anayo. Alikwenda hospitali pamoja na mwanawe, akakwanguliwa ugaga, damu ikamtoka, na alipofika nyumbani aliona meno yake ya chini yana mianya na yanacheza kidogo. "Wameyalegeza," alituambia. "Watu walinionya kwamba kusafisha meno kunayalegeza." Tabibu tuliyemwuliza baadaye alicheka, kwani husikia hayo kila wiki. Gamba lile ndilo lililokuwa likijaza mianya na kuyafunga meno pamoja kama saruji, huku likila mfupa. Likiondoka, mtu huona kwa mara ya kwanza hasara iliyokwisha kutokea. Kisha ufizi hukaza wiki kwa wiki, na meno ambayo hayakulegea sana hutulia.

Hatukujua kama maelezo hayo yamemridhisha. Alikunywa chai yake, akasema tarehe ya kurudi hospitali ni Jumatano na kwamba nauli anayo. Uchungu wa maji baridi ulikuwa haujaisha, kwa sababu mizizi iliyoachwa wazi haifunikwi tena, lakini tabibu alimpa dawa ya meno ya kupunguza ukali huo. Ilipoadhiniwa alasiri tulikwenda naye kutawadha. Mkewe alikuwa amempa chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu. Akaifungua, akamimina kiganjani, akasukutua mara tatu.